Theluji ya Hamburg na Binti wa Mtoni



Kila ifikapo Disemba, simu zetu hapa Unguja huanza kupokea theluji. Dada aliyeolewa Ulaya au Kanada hurusha kivideo kifupi: chembe nyeupe zinaanguka taratibu nje ya dirisha, hakuna mtu, hakuna sauti. Tunamjibu "Mashaallah, pazuri!", kisha tunarudi kwenye joto letu la kaskazi. Leo napenda tuitazame historia ya theluji na wanawake wa kisiwa hiki, maana ndani yake mna jambo ambalo bi harusi anayekwenda nchi za baridi anafaa kulijua kabla hajafunga sanduku.

Neno lilitangulia

Theluji haijapata kuanguka Kizimkazi. Baridi yetu kubwa ni kipupwe, upepo wa kusi unapovuma, nayo haihitaji zaidi ya kanga moja mabegani. Lakini neno lenyewe tunalo zamani. Limetoka kwenye Kiarabu, *thalj*, na limo katika dua ya sala ya jeneza iliyopokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.): tunamwomba Mwenyezi Mungu amsafishe maiti kwa maji, theluji na mvua ya mawe. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Basi watu wa pwani hii wamekuwa wakiwaaga wapenzi wao kwa neno la kitu wasichopata kukigusa.

Wanazuoni walieleza kuwa theluji na mvua ya mawe zimetajwa kwa kuwa ni maji safi ambayo mikono haijayagusa. Waarabu nao humsema mtu aliyetulia moyo kuwa kifua chake kimepata theluji. Kwetu sisi, basi, theluji ilikuja kwanza kama neno la usafi na utulivu.

Ubaridi wake ulisemwa na Mswahili mwingine. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alikuwa njiani kutoka upande wa Mombasa, akiongozwa na Bwana Kheri. Akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipouliza, kiongozi wake alijibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, na kule London mwanajiografia Desborough Cooley akakataa kuamini kwa miaka mingi. Tazameni tofauti: mgeni alisema anachokiona, Bwana Kheri akasema kinavyomfanya mtu. Tuliweke neno lake akilini.

Binti wa Sayyid Said

Sayyida Salme alizaliwa Bet il Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake ni Sultan Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa surie wa Kicherkesi, asili yake milima ya Kaukazi, ambako theluji ni jambo la kila mwaka. Alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo, akaishia Unguja. Mama alitoka kwenye theluji akaja kwenye minazi, na binti akaja kufuata njia ya kinyume.

Agosti 1866, kwa sababu ya mapenzi yake na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, Salme aliondoka kwa siri usiku katika meli ya Kiingereza iitwayo Highflyer. Alifika Aden, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa na kuolewa siku hiyo hiyo. Akawa Emily Ruete, wakaenda Hamburg. Hukumu ya hayo ni ya Mola wake. Sisi tunaangalia maisha aliyoyakuta.

Fikirieni nyumba aliyotoka. Bet il Mtoni, kwa makisio yake mwenyewe, iliishi watu kama elfu moja. Milango wazi, watoto wanakimbia, kahawa barazani, adhana mara tano. Hamburg katika Disemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama mnamo saa kumi jioni. Kwa sababu ya baridi milango hufungwa, na kila mtu hukaa kwake.

Na theluji ina ukimya wake. Inapoanguka mpya huwa na hewa nyingi baina ya chembe zake, na hewa hiyo hunywa sauti. Gari likipita, husikii vyema. Kwa aliyechoka na kelele hiyo ni raha. Kwa aliye mbali na lugha yake, asiye na wa kumwambia "shoga, njoo tukae", ukimya huo huo ni mzigo.

Agosti 1870 mumewe alikanyagwa na tramu ya kukokotwa na farasi, akafa. Salme alikuwa na miaka 25 na watoto watatu wadogo. Majira ya baridi yaliyofuata aliyakabili mjane, ugenini.

Picha inayojulikana

Wengi wetu tunaijua picha yake: amekaa na nguo za Kiunguja, suruali, kanzu ndefu na mapambo. Imepigwa studio Hamburg, karibu mwaka 1868. Asiyejua atadhani yumo ndani Mji Mkongwe. Hakuna baridi pale, hakuna upweke.

Kwa kweli kamera za wakati ule zisingeweza kuonyesha theluji ikianguka. Kioo cha picha kilihitaji sekunde kadhaa za mwanga, na chembe inayopita haikuacha alama. Ilikuwa tarehe 15 Januari 1885 ambapo Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, aliunganisha kamera na hadubini akapata picha ya chembe moja ya theluji. Hadi kufa kwake mwaka 1931 alipiga zaidi ya 5,000. Alifanya kazi kwenye baridi kali huku akizuia pumzi, isije ikayeyuka.

Leo simu inatosha. Dada uliye huko, ukitaka chembe zionekane, weka kitu cheusi nyuma yake. Buibui lako linafaa sana, maana nyeupe juu ya nyeupe hupotea. Ongeza mwanga kidogo, kwani kamera huifanya theluji kuwa ya kijivu. Utapata picha nzuri. Ila neno la Bwana Kheri halitaingia humo.

Kwa bi harusi anayekwenda

Usiolewe na picha ya theluji. Uliza kabla ya nikaha: mchana nitabaki na nani? Msikiti uko umbali gani? Nitasoma lugha wapi? Jua kuwa Disemba kule adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana upesi, na siku hupita kabla hujaiona. Koti zito si pambo, na giza la asubuhi si uvivu wako.

Nasi tuliobaki tuna wajibu. Salme aliandika habari za maisha yake ya Ujerumani kwa mfano wa barua kwa shoga wa nyumbani asiyemtaja jina. Zilichapishwa muda mrefu baada ya kufa kwake. Alirudi Unguja mwaka 1885, lakini kaka yake Sultan Barghash alikataa kumpokea; alirudi tena mwaka 1888, na mwisho alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924.

Kwa hiyo picha ya theluji ikiingia kwenye simu yako, sema Mashaallah, kisha piga. Muulize amekula nini, amelala vipi, nani yuko naye. Mwache azungumze Kiswahili mpaka achoke.

Mwenyezi Mungu awahifadhi dada zetu walio mbali, na awape majirani wema. Amin.