Kidudu chenye Umbo la Mkato

Katika maandishi yetu alama ya mkato humwambia msomaji apumzike kidogo. Kuna kidudu chenye umbo lile lile ambacho hakimpi mtu pumziko. Ndicho kiletacho kipindupindu.

Vidudu vya jamaa hii, yaani bakteria, karibu vyote huonekana kwa hadubini tu. Vingine ni mviringo kama punje za mtama. Navyo hukaa viwili viwili, au hufuatana kama shanga katika uzi, au hukusanyika kichala. Vingine ni kama vijiti, kama kile cha kifua kikuu. Vingine vimejizongazonga, kama kile cha homa ya papasi. Cha kipindupindu ni kijiti kilichopinda, na mara nyingi huenda peke yake.

Filippo Pacini wa Florence alikiona mwaka 1854 akaandika habari zake, lakini wataalamu wa siku zile hawakumjali. Mwaka 1869 maradhi hayo yaliingia Unguja kutoka bara, yakaua watu maelfu. Daktari James Christie aliyekuwako huko aliwahoji wasafiri wa misafara hata akaijua njia yalikopitia, kazi ya kusifiwa sana. Ila kilichosafiri hasa hakukijua. Robert Koch ndiye aliyekitambulisha kwa ulimwengu mwaka 1884, akakifananisha na mkato.

Mwili wake ni chembe moja tu. Nje pana ukuta na ngozi nyembamba. Ndani hamna kiini kilichofunikwa utando, kama kilivyo katika chembe za miili yetu, bali nyuzi za urithi, pete mbili, zimelala katika ute. Nyuma kina mkia mmoja, nacho huuzungusha kikaogelea. Vidudu 500 hivi vikipangwa kwa urefu hupata milimeta moja. Na kule kupinda si pambo: mwaka 2017 wataalamu walieleza kwamba kikiondolewa protini moja hunyooka, kisha hushindwa kupenya vema katika ute mzito, kama ule uliomo matumboni.

Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijaa Kagunga, kijiji kidogo pwani ya Ziwa Tanganyika, pasipo vyoo wala maji safi ya kuwatosha. Kipindupindu kikazuka. Watu wapatao 3,000 waliugua, na zaidi ya 30 wakafa. Wakimbizi walichukuliwa kwa meli Liemba hadi Kigoma, kisha kwa mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu, Kasulu.

Waliougua walinyweshwa maji yenye chumvi na sukari. Dawa hiyo haikiui kidudu. Humrudishia mgonjwa maji anayoyapoteza, hata tumbo lenyewe likitoe. Kinachokiua, kingali majini, ni klorini, kwa kuharibu ngozi yake na vilivyomo ndani, au moto wa jikoni, maji yakichemka.