Kambi ya Fort Bragg na Misonobari ya Jirani Zake

Mwaka 1918, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa havijakwisha, Serikali ya Marekani ilichagua nchi ya michanga iitwayo Sandhills, katika jimbo la North Carolina, iwe mahali pa kuwafundishia wapiga mizinga. Rutuba yake ilikuwa haba, wakazi wake wachache, na bei yake ndogo. Ndipo ilipozaliwa kambi ya Fort Bragg, ambayo leo ina eka zipatazo 160,000. (Jina liligeuzwa kuwa Fort Liberty mwaka 2023, likarudishwa mwaka 2025, lakini hayo ni mambo ya wenye vyeo, na misonobari haikuyasikia.)

Msonobari wa nchi hiyo ni ule wa sindano ndefu, ambao zamani ulienea kutoka Virginia hata Texas, eka zipatazo milioni 90. Watu waliugema utomvu, wakapika lami ya merikebu, wakapasua mbao. Nguruwe wakala miche. Kisha wakuu wa misitu wakakataza moto. Katazo hilo, ingawa lilitolewa kwa nia njema, lilidhuru kuliko ilivyodhaniwa. Mche wa msonobari huu hukaa miaka kadhaa ukifanana na kishungi cha majani, huku ukizamisha mzizi wake ardhini. Moto ukipita huunguza sindano tu, na kichipukizi kilicho katikati husalimika. Moto usipopita, vichaka huziba jua na mche hufa. Kufikia mwisho wa karne ya 20 zilisalia eka milioni 3 hivi. Lakini ndani ya kambi makombora yaliziwasha nyasi mara kwa mara, pasipo mtu kukusudia, na msitu ukahifadhiwa na vyombo vilivyoundwa kwa kuangamiza.

Katika msitu huo aliishi kigong'ota mdogo, mweusi na mweupe, ambaye hutoboa kiota chake katika msonobari ulio hai, na tena mkongwe. Mwaka 1970 alitiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 1990 idara ya wanyamapori ilitoa hukumu kwamba mazoezi ya Fort Bragg yanamhatarisha. Basi askari wakawekewa mipaka kuzunguka miti yenye viota. Majenerali walikasirika. Nje ya ua mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa baadhi ya wenye mashamba waliikata misonobari yao kabla haijazeeka, wakiogopa kwamba ndege akihamia, sheria itawafungia ardhi. Hivyo sheria iliyotungwa kumlinda ndege ikawa sababu ya kukatwa nyumba yake.

Fundo hilo lilifunguliwa mwaka 1995 kwa njia mbili. Kwanza, mwenye shamba aliyekubali kuwatunza ndege aliokuwa nao aliahidiwa kwamba wakizidi hataongezewa mzigo. Pili, jeshi lilianza kushirikiana na chama cha hifadhi kununua ardhi ya jirani, au kununua haki ya kujenga juu yake, huku shamba likibaki mikononi mwa mwenyewe. Mwaka 2002 Bunge la Marekani liliidhinisha utaratibu huo kwa kambi zote. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba ndege wa Sandhills wamefikia idadi iliyokusudiwa, na mwaka 2024 daraja la hatari ya aina nzima likapunguzwa.

Mpango uliotungwa kwa ajili ya ndege ukaja kuwa mpango wa tabianchi. Mwaka 2013 wizara tatu, za Ulinzi, Kilimo na Mambo ya Ndani, ziliungana kusaidia mashamba na misitu inayozunguka kambi, na mwaka 2016 mashariki ya North Carolina ikaingizwa. Septemba 2018 kimbunga Florence kilipiga. Elizabethtown, kusini-mashariki ya Fort Bragg, ilipata mvua ya milimeta 900 hivi. Kambi ya Camp Lejeune, pwani, ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 3. Ardhi ya mchanga isiyojengwa hunywa maji mengi, na msonobari wa mzizi mrefu hustahimili ukame. Hata hivyo hauwezi kila upepo: kimbunga Hugo cha mwaka 1989 kiliangusha sehemu kubwa ya miti yenye viota katika msitu wa Francis Marion, South Carolina. Tena kuchoma kwa mpango kunahitaji siku zenye upepo na unyevu wa kadiri, na kadiri joto linavyozidi siku hizo zinatazamiwa kupungua.

Lipo pia suala la hati. Baada ya utumwa, Wamarekani weusi wengi wa kusini walinunua mashamba, wakafa bila kuandika wasia, na ardhi ikabaki ya warithi wote kwa pamoja. Leo pengine wenyewe ni thelathini, wametawanyika hata miji ya kaskazini, na mmoja wao aweza kuomba mahakama shamba zima liuzwe. Sheria ya kilimo ya mwaka 2018 iliwarahisishia warithi wa namna hiyo kupata baadhi ya misaada. Lakini haki ya kujenga haiwezi kuuzwa kwa kambi bila hati isiyo na mgogoro, na mashamba hayo hubaki nje ya mpango, misonobari yake ikingoja atakayekuwa na haki ya kuiwashia moto.