Mfalme Asiye na Taji

Mchoraji wa wafalme alikuwa nusu msanii, nusu mshonaji. Nasema hivi kwa sababu ya Anthony van Dyck, Mfleminshi aliyezaliwa Antwerp mwaka 1599, baba yake akiwa mfanyabiashara wa hariri. Mwaka 1632 aliingia London kumtumikia Mfalme Charles I wa Uingereza, na mwaka huohuo akatunukiwa cheo cha Sir.

Katika kazi zake zote, inayonishughulisha zaidi ni ile aliyoichora mnamo mwaka 1635, ambayo imo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Mfalme yumo mawindoni, ameshuka kwenye farasi. Hana taji, hana joho, hana fimbo ya enzi. Amevaa koti la atlasi lenye rangi ya fedha, suruali nyekundu, buti za ngozi, na kofia nyeusi yenye ukingo mpana. Mkono mmoja kaushika kiunoni, mwingine umeegemea bakora. Farasi ameinamisha shingo kana kwamba anamsujudia.

Kwa nini basi tunamtambua mara moja kuwa ni mfalme? Jibu langu ni hili. Sheria za Uingereza zilizoamua nani avae nini zilikwisha kufutwa mwaka 1604. Tangu hapo tajiri yeyote aliweza kununua atlasi. Asichoweza kununua ni ule utulivu wa mtu asiyehitaji kujithibitisha kwa yeyote. Van Dyck, mtoto wa duka la hariri, alijua kwamba kitambaa peke yake hakitoshi. Alijua pia kwamba Charles alikuwa mfupi, hivyo akamchora kama anayetazamwa kutoka chini.

Hata hivyo, picha ina hatari yake: mwenyewe anaweza kuiamini. Tangu mwaka 1629 hadi 1640 Charles alitawala bila kuitisha Bunge. Farasi aliinama, Bunge halikuinama. Van Dyck alifariki Desemba 1641, na mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka.

Januari 1649 mfalme alifikishwa mahakamani kujibu mashtaka ya uhaini. Alikataa kuitambua mahakama, akakataa pia kuvua kofia. Wapo waliokiita kitendo hicho kiburi. Mimi naona kwamba alikuwa bado amesimama kama alivyochorwa.

Tarehe 30 ya mwezi huo alipelekwa kukatwa kichwa. Baridi ilikuwa kali. Alivaa mashati mawili, asije akatetemeka watu wakadhani ni woga. Katika mavazi yote ya mfalme huyu, shati hilo la pili ndilo linaloniingia moyoni. Mengine yote aliyavaa ili aonekane mkuu kuliko wenzake. Hilo alilivaa kwa haja ambayo mtu yeyote, awe mfalme au mchunga farasi, angeielewa.