Koshenili ya mihogo: kwa nini nyigu wake hajashindwa

Koshenili ya mihogo ni mdudu mdogo, mweupe kama amemwagiwa unga, anayefyonza maji ya mti wa muhogo. Majani ya juu yanakunjamana, sombe inakosekana, na mihogo inabaki midogo udongoni. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwanzo wa miaka ya 1970 alionekana karibu na Kinshasa na Brazzaville, kisha akasambaa katika inchi nyingi za Afrika.

Kwa nini haraka vile? Juu anazaa bila dume. Wote ni majike, na watoto wanarithi jeni zile zile za mama yao. Mmoja tu akifika shambani, anatosha.

Watafiti walitafuta adui wake kule alikotoka. Kwanza, kaskazini ya Amerika ya Kusini, walipata mdudu anayefanana naye kwa macho tu. Nyigu wa mdudu yule hawakuweza kuzaa ndani ya koshenili ya Afrika. Mwaka wa 1981 ndipo koshenili yenyewe ilipatikana Paraguay, pamoja na nyigu wake, Anagyrus lopezi. Mwaka ule ule kituo cha IITA, katika kazi iliyoongozwa na Hans Herren, kilianza kumwachilia Nigeria. Nyigu huyu, mdogo kuliko punje ya mchele, anataga yai ndani ya koshenili. Mtoto anaila kutoka ndani.

Je, mdudu hawezi kubadilika na kumshinda? Inatokea. New Zealand ilileta nyigu mwingine mwaka wa 1991 kupambana na fukusi wa majani ya ng'ombe. Kule ni nyigu ndiye anazaa bila dume. Fukusi wana dume na jike, kwa hiyo jeni zinachanganyika na kila kizazi kinaleta watoto tofauti. Wale waliomponyoka nyigu ndio waliozaa zaidi. Baada ya miaka, kazi ya nyigu ikapungua sana.

Kwa mihogo ni kinyume: nyigu anachanganya jeni, koshenili hapana. Hiyo inampa nyigu nafasi nzuri.

Lakini dawa ya kupuliza inaweza kumuua nyigu, wakati unga wa koshenili unaikinga. Ukiona koshenili kavu, za rangi ya kahawia, zenye kitundu, usikimbilie dawa: nyigu ametoka pale, na yuko kazini. Wakati wa kupanda, chagua vijiti vya mihogo visivyo na unga mweupe.