Manung'uniko ya Speke

Nafundisha historia hapa Ngara. Wanafunzi wakiniuliza kwa nini vitabu vinavyotutaja vimeandikwa na wapita njia, huwaambia watazame kwanza mwandishi alikuwa anaelekea wapi.

John Hanning Speke alikuwa anatafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1861 yeye na mwenzake Grant walikwama Usui, ndiyo Rusubi ya upande wa Biharamulo, kwa sababu Mtemi Suwarora alidai hongo, yaani malipo ya kupita: nguo, shanga, nyaya. Wakidhani wamemaliza kulipa, linakuja dai jingine. Mtemi mwenyewe hakujitokeza. Kitabu cha Speke cha 1863 kimejaa manung'uniko ya siku hizo, nami nayapenda kuliko kurasa zake za mto. Mtu aliyekasirika huhesabu kila kilichomtoka. Bila kukusudia, ametuandikia habari za utawala uliojua kutoza ushuru kwa kila msafara. Yeye aliona ulafi tu. Alipofika Karagwe, Mfalme Rumanika akamkirimu, na kalamu ikalainika mara moja.

Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alivuka mto Kagera pale Rusumo, macho yote yako Rwanda. Kwake sisi tulikuwa kivuko.

Miaka 100 baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walivuka hapohapo Rusumo, kwa daraja, kuja huku. UNHCR ilikadiria watu 250,000 kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco, hapa Ngara, ikageuka mji. Kati ya vitabu vilivyofuata, ninachokirudia ni cha Simon Turner, kilichotoka 2010, kuhusu wakimbizi Warundi wa kambi ya Lukole, nayo ya hapa Ngara. Kilichomshughulisha ni siasa iliyojificha kwa watu waliotakiwa waonekane wahanga tu, na wanaume waliohisi kwamba shirika linalogawa chakula limewanyang'anya nafasi ya mume. Huyu alikaa akasikiliza. Lakini alikuja kwa ajili ya kambi, si kwa ajili ya majirani zake.

Huko Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, Aniceti Kitereza aliwaandika Wakerewe wenzake akihofia mila zao zitasahaulika. Alimaliza mswada mwaka 1945, kwa Kikerewe. Ulichapwa kwa Kiswahili 1980. Sisi Kitereza wetu bado.

Kidato cha tatu nimewapa kazi: wawaulize bibi zao mkungu wa ndizi uliuzwaje Benaco mwaka 1994, na kuni zilikatwa kilima gani. Wengi wameleta malalamiko matupu. Nimewaambia wasifute hata moja.