Binti wa Hamza na Walezi Wake Watatu

Mwezi wa Dhulqaada mwaka wa 7 Hijria (629), Mtume (s.a.w.) na Maswahaba wake walikuwa wakiondoka Makka baada ya Umra ya Kadhaa. Binti mdogo akatoka kuwafuata, huku akimwita Mtume ammi yake. Alikuwa yatima wa Hamza bin Abdul-Muttalib (r.a.), aliyeuawa shahidi Uhud mwaka wa 3 Hijria. Hamza alikuwa ammi yake Mtume kwa nasaba, na ndugu yake kwa kunyonya.

Ali (r.a.) alimchukua akamkabidhi kwa Fatima (r.a.). Kisha, kama alivyopokea Imam Bukhari, watu watatu wakamgombea. Ali alidai kuwa ni yeye aliyemchukua, tena ni binti wa ammi yake. Jaafar (r.a.) alisema naye ni binti wa ammi yake, na mkewe, Asmaa bint Umais, ni khalati wa mtoto. Zaid bin Haritha (r.a.) alitoa hoja ya udugu aliofungiwa na Hamza. Mtume akahukumu mtoto alelewe kwa khalati yake, kwani khalati yuko katika daraja ya mama. Wote watatu akawaliwaza kwa maneno mema.

Hapa mafaqihi wametoa hukumu nyingi za hadhana. Ali na Jaafar walilingana kwa nasaba. Kilichompa Jaafar ushindi ni mkewe. Haki ilikuwa ya khalati.

Tumtazame Zaid sasa. Kabla ya hapo aliitwa Zaid bin Muhammad, mpaka iliposhuka Suratul-Ahzab (33:4-5) kuamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao wawe ndugu katika dini. Akarudi kuitwa bin Haritha. Lakini aya haikumzuia kutaka kulea yatima. Kilichoharamishwa ni kubadili nasaba. Malezi yalibaki ibada ya kugombewa, na mtoto akabaki binti wa Hamza nyumbani kwa Jaafar.

Ndugu Waislamu, katika miji yetu wako wanaochukua mtoto wa ndugu au yatima kwa nia njema, kisha wakamwandikisha kwa jina la mlezi ili asijione mpweke. Miaka ikipita, imamu huletewa posa ya binti huyo. Anayejitokeza kuwa walii si baba yake, na baba zake wadogo walio hai hawakuulizwa. Mlezi akifariki, mtoto huhesabiwa katika mirathi isiyo yake, au hufukuzwa mikono mitupu.

Sheria haikumwacha mtoto huyu. Mlezi anaweza kumpa hiba akiwa hai, au kumuusia mpaka theluthi moja ya mali. Akiwa hajatimiza miaka miwili, mke wa mlezi anaweza kumnyonyesha, nyonyo tano kamili kwa madhehebu ya Shafi, awe maharimu wa nyumba ile. Asiye na walii, kadhi ndiye walii wake.

Mwaka wa 8 Hijria, miezi michache baada ya hukumu ile, Jaafar na Zaid waliuawa shahidi katika vita vya Muuta. Asmaa akabaki na mayatima wake mwenyewe. Walezi hufa, majina ya kukopa hupotea nao. Nasaba ya kweli hubaki kumhifadhi mtoto.

Wallahu aalam.