Watoro wa Rabai

Katika miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Aliyewapokea hapo alikuwa William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, akakombolewa na kusomeshwa Nasik, India. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimwekea mikono awe shemasi.

Kuwapokea watoro kulikuwa na hatari. Kwa sheria ya wakati ule walikuwa mali ya watu, na wakubwa wa misheni waliogopa ugomvi. Jones hakuwafukuza. Watoro wakajenga, wakalima, wakasali pamoja na wenzao.

Mwaka 1888 mabwana walidai watu wao. George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, akakubali kulipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Lakini fedha zilikwenda kwa mabwana. Waliofanyishwa kazi bure hawakupata kitu.

Ndugu msomaji, Rabai ilifungua mlango kabla sheria haijaruhusu. Leo nani anabisha kwetu? Na tukimpokea, je, tutadai pia haki yake?